Safari ya Dzaleka kwa Ajili ya Picha Moja

Ndugu msomaji, safari nyingi huanza kwa amri ya kazi au kwa haja ya biashara. Safari ninayotaka kukusimulia leo ilianza kwa bahasha tupu.

Mjini Kigoma, nyumba ya pili kutoka ile niliyokulia, anaishi mjane wa askari polisi ambaye mimi humwita mama, kwa kuwa alinilea pamoja na wanawe. Asili yake ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, katika Kivu ya Kusini. Yeye aliolewa Kigoma zamani, na dada yake mkubwa akabaki kwao. Vita vilipozuka mwaka 1996, maelfu ya watu wa mwambao ule walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti wakaja kwetu. Kila chombo kilipotia nanga, mama alishuka ufukweni kutazama nyuso. Dada yake hakuwamo. Alikuwa amekimbilia kusini, akaufuata mwambao hadi Kalemie. Miaka mingi baadaye akaingia Zambia, na mwishowe akafika Malawi. Leo umri wake umepita miaka 80, naye anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Dada hao wawili husemezana kwa simu. Lakini simu ina kasoro zake. Mtandao hukatika, sura huganda kwenye kioo mdomo ukiwa wazi, na macho ya mama, ambayo yamekwisha kuingia ukungu, hayawezi kupambanua kitu katika kioo chenye upana wa kiganja. Picha ya karatasi hawana. Ilikuwako moja tu, iliyopigwa Uvira walipokuwa wasichana: wameketi juu ya mkeka mmoja, mkubwa kushoto na mdogo kulia. Picha hiyo alikuwa nayo dada mkubwa, ikapotea njiani pamoja na sanduku la nguo.

Mama alipopata habari kwamba mwezi wa Julai 2024 ningekwenda Lilongwe kumtembelea rafiki niliyesoma naye, aliniita barazani, akanipa bahasha ya kaki isiyo na kitu ndani.

“Niletee sura ya dada yangu,” alisema. “Wala usiniletee kichwa na mabega kama picha ya kitambulisho. Nataka nimwone mzima, mpaka nyayo, tena akiwa nje, penye majani.”

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kwa hakika nilijidanganya.

KATIKA MJI WA LILONGWE

Kutoka Mbeya nilipanda basi hadi Kasumulu, nikavuka mto Songwe na kuingia Malawi. Barabara kuu ya nchi ile, iitwayo M1, hupita Karonga ikiwa na Ziwa Nyasa ubavuni, kisha hupanda milima kuelekea Mzuzu, na baadaye hunyooka katika nyanda za Kasungu mpaka Lilongwe. Msafiri anayetoka kwetu asisahau kuirudisha saa yake nyuma kwa saa moja.

Lilongwe ulifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, badala ya Zomba. Mitaa yake mingi hutajwa kwa namba: Eria 2, Eria 18, Eria 47, wala namba hizo hazifuatani ardhini kama zifuatanavyo katika hesabu. Mji wa zamani, penye soko na misikiti na maduka ya nguo, uko karibu na mto Lilongwe. Mji mpya wenye ofisi za serikali uko mbali nao, na katikati umeachwa msitu. Naam, msitu hasa, uliohifadhiwa kando ya mto Lingadzi, wenye miti mirefu na tumbili wasiomwogopa mtu. Mgeni aliyezoea miji yetu iliyobanana hushangaa kuona jiji lililoacha nafasi kwa miti kwanza, nyumba baadaye.

Dzaleka si mahali pa kuingia ovyo. Makazi yale yako chini ya serikali, na mgeni hana budi kuomba kibali. Nilipokuwa nikingoja changu, nilikaa siku tatu nyumbani kwa rafiki yangu, na siku hizo zikawa shule kwangu.

Mwalimu wangu alikuwa baba yake, sajini mstaafu wa Jeshi la Malawi. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa askari waliotumwa Msumbiji kulinda njia ya reli iendayo bandari ya Nacala. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kwamba miaka hiyo askari wa Tanzania nao walikuwako Msumbiji. Mzee huyo hukumbuka maneno machache ya Kiswahili tangu enzi zile, na yote ni ya chakula au ya amri. Nyumbani wote humwita agogo, neno la Kichewa la kumheshimu babu au bibi. Nami nilimwamkia kwa adabu ya kwao, “Muli bwanji, agogo?”, nikaomba ruhusa ya kumpiga picha kwa majaribio.

Alikubali mara moja. Alivaa koti jeusi, akaenda nasi kwenye miti ya kando ya Lingadzi. Kabla sijafungua kamera alinikanya kwa ukali wa sajini: katika nchi yake, kama kwetu, kamera haielekezwi kwenye kambi ya jeshi, wala kituo cha polisi, wala daraja, wala uwanja wa ndege, wala Ikulu. Nikamwitikia kwamba nimesikia.

Kisha akasimama imara. Visigino pamoja, kidevu juu, mikono ubavuni, macho mbele. Nilimwomba apumzike, akapumzika kijeshi, yaani akatanua miguu na kuweka mikono nyuma. Nilipiga picha kumi na zote zilikuwa picha za gwaride. Nikakata tamaa, nikaketi chini, nikatoa karanga mfukoni. Mzee naye akaketi juu ya mzizi, akaanza kubambua zake. Ghafla tumbili mmoja akashuka, akakwapua karanga kutoka kwenye goti la mzee, akapanda juu kuzila mbele yetu. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Hapo ndipo nilipompata: mgongo umeegemea shina, kofia i mapajani, karanga mkononi, na uso ambao familia yake yote iliutambua jioni ile kwa kupiga makofi.

Rafiki yangu alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Kwa Kichewa, picha huitwa chithunzi, na kivuli cha mti huitwa mthunzi. Maneno hayo ni ndugu. Agogo aliposikia tukiyazungumza alisema kwamba ndiyo maana mtu mzima hapigwi picha juani: anayetaka chithunzi chake kizuri na amtafutie mthunzi.

Ndugu msomaji, maneno hayo si ya mzaha, bali ni ufundi mtupu. Jua la mchana humfanya mzee akunje uso, nalo hutia weusi katika matundu ya macho na kila mfereji wa paji la uso, hata mtu mpole aonekane mwenye hasira. Kivulini mwanga huja kutoka pande nyingi kwa upole, na mikunjo ya uso huonekana ilivyo, yaani historia ya mtu, wala si makovu. Wapiga picha wa zamani waliujua mwanga huu. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga picha watu wake uani kwa nuru ya mchana, nyuma yao ametundika kitambaa. Na pale kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walitundika mandhari za kuchora, za meli, ndege na maua, ili mteja aonekane yuko mahali pazuri. Penye mti wa kweli hapana haja ya kuchora.

MAKAZI YA DZALEKA

Kibali kilipotoka nilipanda basi dogo alfajiri. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 50 kaskazini ya Lilongwe. Mwezi wa Julai mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu, udongo ni mwekundu, na baridi ya asubuhi ni ya koti na blanketi. Nilipoteremka barabarani, sehemu ya mwisho nilichukuliwa kwa baiskeli ya kukodi, ambayo wenyeji huiita kabaza.

Mahali hapa pana historia nzito. Wakati wa utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza, na humo walifungwa watu kwa sababu za siasa. Husimuliwa kuwa jina lenyewe lina maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena kosa lake. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, pakafunguliwa kuwa makazi ya watu waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda, Burundi na Kongo. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, na wengi wao wametoka Kongo. Sheria ya nchi haiwaruhusu kukaa watakapo. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi makazini, na nyumba zikazidi kubanana.

Lakini asidhani msomaji kwamba atakuta mahali pa kilio tu. Sokoni Dzaleka nilijihisi niko Kigoma au Ujiji. Kiswahili kimetanda kote: cha Uvira, cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Bujumbura. Sombe inapikwa, dagaa wa Ziwa Nyasa waitwao usipa wanakaangwa, cherehani zinalia, na kinyozi ameandika bei zake ukutani. Tangu mwaka 2014 hufanyika hapo Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume, na watu hutoka Lilongwe na nchi za nje kuja kusikiliza muziki.

Wasomaji wetu waliotumwa Kivu ya Kaskazini tangu mwaka 2013, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichowakutanisha askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, waliona chanzo cha mto huu wa watu. Mimi nilikuwa nikiona mahali unapoishia.

UKUTA WA KWANZA

Nyumba ya dada yake mama ni ya matofali mabichi, mlango umeelekea mashariki. Alikuwa ameketi kizingitini akipeta karanga. Nilipiga magoti, nikasema, “Shikamoo, bibi.” Watoto waliokuwa uani wakaangua kicheko, kwa maana katika Kiswahili chao bibi ni mke wa mtu, na nyanya yao wao humwita koko. Nikajirekebisha haraka. Maadamu mdogo wake ni mama yangu, yeye ni mama mkubwa. Nilipomtajia jina la mdogo wake, alishika kichwa changu kwa mikono miwili, asiseme neno kwa muda mrefu.

Hapo nikafanya kosa. Kibali changu kilikuwa cha siku chache, na hofu ya kukawia ikanishinda adabu. Nikamwomba asimame kando ya ukuta uliopakwa chokaa, kwa kuwa ulikuwa safi na haukuwa na vyombo. Nikanyanyua kamera. Mama mkubwa akainua kiganja mbele ya uso wake.

Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili cha kwetu. “Mwanangu,” alisema, “tangu nitoke kwetu nimepigwa picha nyingi kuliko nilizopigwa maisha yangu yote nikiwa kwetu. Zote mbele ya ukuta. Nyingine zina namba. Wakaja na wageni wenye kamera kubwa, wakanikuta katika foleni, wakanikuta ninalia, wakapiga, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyenirudishia sura yangu. Na wewe mtoto wa mdogo wangu umenisimamisha ukutani.”

Nilirudisha kamera mkobani kwa aibu. Sikuwa na la kujitetea.

Siku hiyo sikupiga picha hata moja. Nilikaa juu ya kigoda, nikamsaidia kuchambua karanga, tukazungumza habari za Kigoma mpaka jua likashuka. Aliniuliza kama mdogo wake bado anapenda samaki wa kuchoma wasiotiwa chumvi, kama paa linavuja, kama wajukuu wanamheshimu. Aliniambia habari za sanduku lililopotea, na picha iliyokuwa ndani yake. Nilipoaga alisema, “Njoo kesho, saa za jua kupoa. Mahali nitapachagua mimi.”

CHINI YA MWEMBE

Mahali alipopachagua ni chini ya mwembe, ukingoni mwa makazi, panapoanza mashamba. Miti imepungua sana Dzaleka kwa sababu ya kuni, lakini mwembe hulindwa na matunda yake. Tulikwenda polepole, mjukuu mmoja amebeba mkeka, na kuku mmoja wa mama mkubwa akatufuata kwa tamaa ya punje zilizokuwa mfukoni mwa mtoto.

Kabla ya kuketi, mama mkubwa alinipa masharti matatu. La kwanza, picha isiwekwe mtandaoni wala gazetini, kwa kuwa watu waliomfukuza kwao wengine wangali hai, na jamaa zake wengine wangali huko. La pili, aione kabla sijaondoka, naye achague. La tatu, imrudie ikiwa ya karatasi. Niliyakubali yote. Kwa hiyo msomaji atakayeitafuta picha hiyo katika ukurasa huu hataiona, wala jina la mwenyewe sitalitaja. Askari atanielewa upesi: yeye anajua kwamba sura na mahali vikijulikana pamoja, mtu huweza kutafutwa.

Ilikuwa saa kumi na robo jioni. Mwezi wa Julai jua la Malawi hupita upande wa kaskazini, halisimami utosini hata adhuhuri, na jioni miale yake hulala juu ya udongo mwekundu na kurudisha rangi ya joto kwenye nyuso. Nilimwomba aketi ndani ya kivuli lakini karibu na ukingo wake, akitazama upande wenye nuru. Nyuma yake nikahakikisha kuna shina na mabua, wala si anga jeupe; kwa maana kamera ikiona weupe mwingi nyuma ya mtu hudanganyika, ikaufanya uso wake mweusi usiotambulika.

Taa ya kamera, ile iitwayo flashi, niliizima kabisa, na sababu si urembo tu. Flashi ikilipuka mbele ya macho, mara nyingi huyatia wekundu pichani. Macho ya akina mama wazee tayari yamewiva kwa moshi wa kuni wa miaka 60 au 70. Polisi waliotumikia Shinyanga na Mwanza wanajua msiba uliotokana na macho hayo: vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, ilhali kosa lao lilikuwa kupikia watoto wao kwa kuni na samadi. Malawi nako wazee wamewahi kushambuliwa kwa shutuma za namna hiyo. Mpiga picha asiongeze kuni katika moto huo.

Kisha nikaketi chini, kamera ikawa sawa na macho yake. Kumpiga picha mzee aliyeketi hali umesimama ni utovu wa adabu kwanza, na kasoro ya picha pili, kwa kuwa utamfanya aonekane mdogo aliyeinamiwa.

Mama mkubwa alivua ndara, akanyoosha miguu mpaka nyayo zikatoka nje ya mkeka na kugusa udongo. Lakini alikuwa ameketi pembeni kabisa, upande wangu wa kushoto, na nusu nzima ya mkeka ikabaki tupu. Nikamwambia kwa upole, “Mama mkubwa, sogea katikati kidogo.”

“Sisogei,” alijibu. “Hapo pana mwenyewe.”

Sikuuliza tena. Nilirudi nyuma hatua mbili ili mkeka wote uingie.

Nilipiga picha kumi na moja. Katika mojawapo alicheka kwa sababu ya yule kuku, nami niliipenda mno. Naam, niliona nimepata tena bahati ya Lingadzi. Nilimwonyesha zote. Alizitazama moja moja, kioo amekiweka mbali na macho, akachagua nyingine. Humo hacheki. Ametulia, mikono imepumzika magotini, anakutazama moja kwa moja kama mtu anayengoja umalize kusema ili ajibu. Pembeni kuku ameingia nusu, kichwa na kifua. Nikamwambia nitamkata kuku.

“Mwache,” alisema. “Mdogo wangu atajua kwamba bado nafuga.”

KUSAFISHA PICHA

Kesho yake nilikwenda studio moja mjini Lilongwe kusafisha picha mbili. Kijana wa pale alikuwa mchangamfu, akaniambia nirudi baada ya saa moja. Niliporudi nilipewa picha ya mwanamke nisiyemjua. Ngozi yake ilikuwa imeng'arishwa, paji la uso limepigwa pasi, mikunjo ya macho imefutika, na kuku hayupo. Kijana alikuwa amefanya hayo kwa nia njema, kwa sababu wateja wengi humwomba hivyo.

Nilimwambia, “Ndugu yangu, mdogo wake hajamwona kwa miaka karibu 30. Ukimfutia mikunjo, utakuwa umemfutia miaka hiyo, naye hatajua dada yake amepitia wapi.” Alinyamaza, akairudisha picha kama ilivyokuwa, na alikataa kunidai karatasi zilizoharibika. Kuku naye akarudi mahali pake.

Siku ya mwisho ya kibali nilirudi Dzaleka. Mama mkubwa alipokea picha yake kwa mikono miwili. Aliwaita watoto, jirani, na mzee mmoja Mnyarwanda aliyekuwa akipita njia. Mzee huyo aliitazama kwa muda, akasema kwamba yeye hana picha hata moja ya wazazi wake. Nilikumbuka kwamba katika jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari mjini Kigali kuna chumba kilichotundikwa picha za marehemu zilizotolewa na jamaa zao. Wapo wasio na hata moja ya kutoa. Mzee aliniomba nimpige, nami nikampiga pale pale kivulini, nikamwachia mjukuu wa mama mkubwa fedha za kuisafisha.

Nilipokuwa naaga, mama mkubwa aliichukua picha ya pili, ya kwenda Kigoma, akaigeuza nyuma. “Andika,” aliniamuru. “Dzaleka, Julai 2024. Niko mzima.” Nikaandika. Akaitia mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki.

KWA WENYE WAZEE NYUMBANI

Ndugu msomaji, yawezekana nawe unaye mzee kijijini, na wewe uko kambini au kituoni, mbali naye. Leo karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, lakini hesabu picha za mama yako au babu yako zilizo katika karatasi. Aghalabu utakuta ile ya kitambulisho, na ile iliyopigwa harusini akiwa nyuma ya watu. Siku ya msiba ndipo tunapohangaika kukata kichwa chake kutoka katika kundi ili kiwekwe juu ya jeneza.

Ukipata likizo, usisubiri sherehe. Mwombe ruhusa. Mchukulie kigoda au mkeka hadi chini ya mti aupendao, asubuhi jua likiwa changa au jioni likipoa. Mpe kazi ya mikono aliyoizoea, kubambua karanga, kusuka ukili, kunoa jembe, kisha zungumza naye na usiwe na haraka. Keti chini. Mwache achague mwenyewe nguo, mahali na picha. Na ukishapiga, isafishe uipeleke kwake. Picha ya mzee ni deni mpaka imfikie aliyepigwa.

BAHASHA YARUDI

Mama yangu wa Kigoma aliifungua bahasha mlangoni, penye nuru. Alianza na nyayo. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema, “Ndizo.” Akapanda na macho yake hadi kwenye mikono, hadi usoni, akanyamaza. Alipomwona kuku alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaweka kidole juu ya ile nusu tupu ya mkeka, upande wa kulia, na kidole hicho hakukiondoa.

Hakuniambia kitu. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kipya na mkeka, akautandika chini ya mwembe wa uani kwake. Akaketi pembeni, upande wangu wa kulia, akanyoosha miguu. Sikuhitaji kufundishwa tena. Nilingoja jua lipoe, nikaketi chini, nikapiga.

Picha hiyo ilikwenda Dzaleka ndani ya bahasha ile ile, mikononi mwa msafiri mwaminifu, ikafika baada ya wiki tano. Mjukuu alitupigia simu kutuarifu kwamba picha mbili zimebandikwa ukutani, ukingo kwa ukingo, na mkeka umekuwa mmoja. Alisema koko yake amefurahi sana, ila ana lalamiko moja: mdogo wake amekonda, na angekuwa karibu angepelekewa yule kuku.